Waliliacha Lipasuke: Tafakuri kuhusu Mabwawa, Mauti na Wajibu wa Serikali

Waswahili wana msemo mkongwe usemao kwamba ajali haina kinga. Ni msemo wenye busara yake. Humliwaza aliyefikwa, humtua mzigo wa majuto, na humzuia jirani asimwongezee mfiwa lawama juu ya msiba. Anayeusema matangani akiwa amekaa mkekani pamoja na wafiwa huwa ametimiza ujirani mwema. Hata hivyo, msemo huo huo ukihama kutoka kinywani mwa mfariji ukaingia kinywani mwa mwenye dhamana, aliyelipwa mshahara ili aizuie ajali yenyewe, basi maana yake hugeuka. Hapo huwa ngao ya kumkinga msemaji dhidi ya maswali.

Katika insha hii ninakusudia kuutafakari msemo huo kwa kuuhusisha na misiba ya maji iliyoikumba Kenya katika miaka ya karibuni, hasa ule wa Solai wa mwaka 2018. Mimi si mhandisi wala mwanasheria. Ni mwanafunzi wa Kiswahili, mzaliwa wa Nyatike katika Kaunti ya Migori, mahali ambapo Mto Kuja humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyonisukuma kuishika kalamu. Mtu aliyelelewa kando ya tuta la kukinga mafuriko hawezi kusikia habari za tuta lililovunjika kwingineko akajisemea kwamba hayo ni ya wenyewe. Aidha, mtu aliyefunzwa kuchambua vitenzi hawezi kuzisikiliza taarifa za msiba bila ya kujiuliza mtenda yuko wapi.

Tuanze na Solai. Usiku wa Jumatano, tarehe 9 Mei 2018, katika msimu wa mvua kubwa ya masika, bwawa lililojulikana kwa jina la Patel lilipasuka katika eneo la Solai, Kaunti ya Nakuru. Bwawa hilo lilikuwa mahali pa juu, ndani ya shamba la mtu binafsi. Chini yake palikuwa na makazi ya wanyonge, wengi wao wakiishi kwa vibarua na kilimo kidogo. Maji yaliteremka kwa kishindo yakiwa yamebeba tope, mawe na miti, yakazizoa nyumba pamoja na waliokuwamo. Hati ya mashtaka iliyoandikwa baadaye ilitaja vifo 48. Wengi miongoni mwa waliopotea walikuwa wanawake na watoto, yaani wale ambao saa hizo za usiku huwa nyumbani.

Msomaji atakuwa ameona kwamba nimetumia kitenzi "lilipasuka". Ndicho kilichotumiwa na watangazaji, na viongozi waliotuma rambirambi, na hata sisi tuliokuwa tukizungumza habari hiyo majumbani. Kisarufi hakina kasoro. Lakini hebu tukitazame kwa makini kama tunavyofunzwa darasani. Kitenzi "pasua" hudai mtenda na mtendwa: fulani amepasua kitu fulani. Kikinyambuliwa kikawa "pasuka", mtenda huondoka katika sentensi, na kinachobaki ni kitu na hali iliyokifika. Kauli ya kutendwa, "pasuliwa", walau huacha mlango wazi, kwa maana msikilizaji anaweza kuuliza: limepasuliwa na nani? "Pasuka" haina mlango huo. Kitu kimepasuka, basi. Chungu hupasuka, ukuta hupasuka, na bwawa nalo limepasuka.

Simlaumu mtangazaji. Ni kweli kwamba hakuna mtu aliyepanda juu ya tuta la Solai na sururu usiku ule. Kusema kwamba bwawa "lilipasuliwa" kungekuwa ni kuzua. Hata hivyo, lugha yetu haikutuwekea njia hizo mbili tu. Ipo ya tatu, nayo inasema: "Waliliacha lipasuke." Katika sentensi hii mtenda amerudi, tena kwa wingi. Kitenzi chake kikuu ni "acha", na kile cha pili kimekuja katika dhamira tegemezi, kikieleza jambo ambalo bado lilikuwa mbele na lingeweza kuzuiwa. Kuacha ni kutenda. Mlinzi aliyelala ametenda, na mlezi aliyemwona mtoto akitambaa kuelekea mekoni akanyamaza ametenda. Kwa maoni yangu, suala zima la uwajibikaji wa serikali baada ya bwawa kuua watu limo ndani ya sentensi hiyo fupi, na kazi ya uchunguzi wowote wa haki ni kukijaza kiambishi "wa-" kwa majina na vyeo.

Pengine msomaji atasema kwamba ninaipa sarufi mzigo usio wake, kwani mvua ya mwaka 2018 ilikuwa kubwa na hakuna serikali inayoweza kuamuru mawingu. Hoja hii inahitaji kujibiwa kwa kuangalia namna bwawa la udongo linavyokufa. Wahandisi hueleza njia chache zinazojulikana. Ya kwanza ni maji kujaa hadi kupita juu ya tuta. Yakishapita, huanza kulimega tuta upande wa nje mpaka likaporomoka. Jambo hili hutokea pale ambapo njia ya kutolea maji ya ziada ni nyembamba, imeziba, au haikujengwa kabisa. Ya pili ni maji kupenya ndani ya tuta polepole, yakichukua chembe za udongo kidogo kidogo na kujichimbia mfereji usioonekana, mpaka siku ile ambapo mfereji huo hupanuka ghafla. Mizizi ya miti iliyooza na mashimo ya wanyama huurahisisha mwendo huo. Ya tatu ni msingi kudidimia au kuteleza.

Katika njia zote hizo, dalili hutangulia. Upande wa nje wa tuta huonekana unyevunyevu mahali palipokuwa pakavu. Maji yanayochuruzika, yaliyokuwa meupe, huanza kutoka na rangi ya udongo. Nyufa hujitokeza juu ya tuta. Mtu aliyefunzwa kazi hiyo, akipita mara kwa mara na daftari lake, huziona. Hapa ndipo wahenga wetu wanapopingana wao kwa wao, kwani waliotuambia kwamba ajali haina kinga ndio hao hao waliotuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sioni mgongano wa kweli baina ya semi hizo mbili. Kila moja ina mahali pake. Ya kwanza ni ya mambo yasiyotangulizwa na ufa. Ya pili ni ya mambo yenye ufa unaoonekana. Bwawa ni la kundi la pili.

Je, ni nani aliyekabidhiwa kazi ya kuutazama ufa? Sheria za Kenya hazikuliacha swali hili likielea. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 iliunda chombo cha kusimamia rasilimali za maji, na Sheria ya Maji ya mwaka 2016 ikakirithisha kazi hiyo kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kanuni zilizotolewa mwaka 2007 ziliyapanga mabwawa katika madaraja na kudai vibali kabla ya ujenzi. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 nayo ilitaka mradi kama bwawa ufanyiwe tathmini ya athari zake, na NEMA ikapewa jukumu la kuhakikisha jambo hilo. Juu ya sheria hizo zote ipo Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika Kifungu cha 10 imeutaja uwajibikaji miongoni mwa maadili ya taifa, na katika Kifungu cha 26 ikaulinda uhai wa kila mtu. Kwa hiyo, walinzi wa tuta walikuwapo kwa mujibu wa sheria muda mrefu kabla ya usiku ule wa Mei.

Siku chache baada ya msiba, Mamlaka ya Rasilimali za Maji ilitamka kwamba mabwawa ya shamba lile hayakuwa na kibali. Ninakumbuka namna tamko hilo lilivyopokewa na wengi: kana kwamba limemaliza maneno, mwenye makosa akiwa ni mwenye shamba peke yake. Lakini tulipime. Bwawa si pete ya kufichwa mfukoni. Ni ukuta wa udongo unaoonekana kutoka mbali, na maji yake humetameta juani kila siku kwa miaka mingi. Mamlaka inayosema kwamba bwawa la namna hiyo halikuwa na kibali imesema mambo mawili kwa mpigo: kwamba mwenye bwawa hakuomba, na kwamba mwenye kutoa kibali hakufika kuuliza. Utetezi huo una ungamo ndani yake.

Ni haki kukiri kwamba safari hii dola haikukaa kimya. Seneti iliunda kamati maalumu kuuchunguza msiba huo. Mnamo Julai 2018 watu 9 walifikishwa katika mahakama ya Naivasha, wakiwemo mmiliki wa shamba na maofisa wa umma waliokuwa na dhamana katika sekta za maji na mazingira, wakashtakiwa kwa kuua bila ya kukusudia. Wote walikana mashtaka. Jambo hili lilikuwa na uzito wake: kwa mara moja ofisa wa serikali aliwekwa kizimbani pamoja na tajiri, kwa ajili ya vifo vya watu wasiokuwa na sauti. Sentensi yetu ya tatu ilikuwa imeanza kuandikwa.

Kilichofuata ndicho kinachoumiza. Kesi iliahirishwa mara kwa mara. Mnamo Februari 2020 hakimu aliwaachilia washtakiwa kwa sababu upande wa mashtaka haukuwa tayari kuendelea na kesi. Mnamo Julai mwaka huo huo Mahakama Kuu ikautengua uamuzi huo na kuagiza kesi isikilizwe upya. Nataka msomaji azingatie kwamba miaka miwili ilikuwa imepita na mahakama ilikuwa bado haijaamua kama kuna aliyekosa au la. Sijui hukumu ya haki ingekuwa ipi. Huenda washtakiwa wote, au baadhi yao, hawakuwa na hatia. Lakini mfiwa alistahili kulisikia jibu la swali lenyewe. Kesi inapoanguka kwa sababu ofisi moja ya serikali haikujiandaa kuwashtaki, miongoni mwa wengine, maofisa wa ofisi nyingine za serikali, mwananchi hubaki na shaka ambayo hakuna rambirambi inayoweza kuiondoa.

Sasa niwarejeshe wasomaji upande wa kwetu, nipate kueleza kwa nini habari za Nakuru zinatunyima usingizi sisi watu wa Migori na Homa Bay. Mto Kuja, ambao ndugu zetu Abagusii huuita Gucha, huteremka kutoka nyanda za juu za Kisii na Nyamira, hukusanya vijito njiani, huungana na Mto Migori, kisha hutandaa katika nchi tambarare ya Nyatike kabla ya kuingia ziwani. Katika mkondo wake pana bwawa la Gogo, lililojengwa katika miaka ya 1950 zama za mgodi wa shaba wa Macalder, na ambalo kituo chake cha umeme kina uwezo wa megawati 2. Ni bwawa dogo likilinganishwa na yale ya Mto Tana, nalo limesumbuliwa na tope linaloletwa na mto kutoka milimani. Sisemi kwamba Gogo lina ufa. Ninachosema ni kwamba sisi tunaoishi chini yake tunastahili kuambiwa, kwa lugha tunayoielewa, hali yake ikoje, nani hulikagua, na lini alilikagua mara ya mwisho.

Katika Nyatike penyewe adui si bwawa bali ni tuta. Kingo za Kuja zimewahi kuinuliwa ili mto usitawanyike mashambani, na mvua zinapozidi, mto hutafuta mahali palipolegea ukapenya. Mafuriko ya mwaka 2020 na yale ya mwaka 2024 yaliwahamisha watu, yakaingia madarasani na kuozesha mahindi shambani. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024 nilihudhuria baraza moja. Alizungumza ofisa mmoja, akatoa pole, akataja mabadiliko ya tabianchi, akasema kwamba ajali haina kinga. Mzee mmoja wa makamo ya babu yangu akainuka, akashukuru kwa heshima, kisha akauliza swali la maneno sita: "Bwana mkubwa, tuta ni la nani?" Ofisa akaeleza kwamba mto ni wa taifa, mafuriko ni jukumu la kaunti, na ujenzi ulikuwa chini ya mradi uliokwisha. Mzee akasikiliza hadi mwisho, akasema: "Basi halina mwenyewe," akaketi.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Katika desturi zetu kitu kisicho na mwenyewe hakiangaliwi na yeyote. Ng'ombe asiye na mwenyewe hakamuliwi wala hapelekwi josho, huachwa tu. Ugatuzi ulioanza mwaka 2013 umetuletea mema mengi, lakini katika mambo ya maji umetuzidishia milango ya kubisha. Wizara huielekeza kidole kaunti, kaunti huielekeza mamlaka, mamlaka huuelekeza mradi, na mradi umeshafunga ofisi zake. Hakuna hata mmoja anayesema uongo. Kila mmoja ana kipande chake cha sheria mkononi. Hata hivyo, tuta likiachwa katikati ya ukweli wao huporomoka.

Ukivuka kutoka Migori kuingia Homa Bay utaikuta sura nyingine ya suala hilo hilo. Huko Rachuonyo, mradi wa umwagiliaji wa Kimira-Oluch hutegemea mabanio yaliyojengwa katika mito ya Awach Kibuon na Awach Tende, na wakulima wanajua kwamba banio lisiloangaliwa huweza kugeuka kutoka neema likawa shari. Lakini jambo linalonishangaza zaidi ni ziwa lenyewe. Wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba Ziwa Victoria ni kazi ya Mungu isiyoguswa na mkono wa binadamu. Kumbe tangu mwaka 1954, lilipofunguliwa bwawa la Owen Falls huko Jinja, ambalo leo huitwa Nalubaale, maji yanayotoka ziwani hupita katika milango inayofunguliwa na kufungwa na watu, kwa kipimo kilichokubaliwa. Mwaka 2005 na 2006 ziwa liliposhuka sana, wachunguzi walionyesha kwamba ukame ulikuwa sababu moja, na kwamba sababu nyingine ilikuwa kupitisha maji mengi kuliko kipimo hicho ili kuzalisha umeme. Mnamo Mei 2020, kufuatia mvua kubwa, kina cha ziwa katika kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, kikaipita rekodi ya mwaka 1964; ufuo wa Homa Bay ukamezwa na maji pamoja na nyumba na mabanda ya samaki. Mvua ndiyo iliyolijaza ziwa mwaka huo, wala sitaki kumtwisha mtu mzigo wa mawingu. Lakini mvuvi wa Homa Bay anaishi, kwa namna fulani, kando ya bwawa ambalo mlango wake uko katika nchi nyingine, na hajawahi kuelezwa ni nani amwulize habari zake.

Yupo atakayeuliza: kwa nini watu hao hawahami? Swali hili huulizwa baada ya kila mafuriko, na mara nyingi huulizwa na wanaoishi mahali pa juu. Watu wa Nyatike walikaa katika nchi tambarare kwa sababu rutuba iko huko, na kwa sababu wazee wao wamezikwa huko. Watu wa Solai walikaa walipokaa kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na kibarua na kijiplot cha bei nafuu. Ikiwa mahali fulani ni mkondo wa maji, anayejua hivyo ni mwenye ramani. Ana wajibu wa kuweka alama, kuonya mapema na kutoa ardhi mbadala, kuliko kungoja maji yatoe onyo kwa niaba yake.

Msiba wa Mai Mahiu umeithibitisha hoja hii kwa uchungu. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliporomoka katika eneo hilo la Kaunti ya Nakuru, yakaua zaidi ya watu 50. Habari za kwanza zilisema kwamba bwawa limepasuka. Baadaye siku hiyo Wizara ya Maji ikatoa maelezo kwamba halikuwa bwawa, bali ni maji yaliyokusanyika nyuma ya njia ya chini ya reli iliyozibwa na takataka, magogo na tope, hadi yakaifumua. Tuyakubali maelezo hayo, na bado tuulize yanabadilisha nini. Kama ni bwawa, lilikuwa na mkaguzi wake. Kama ni njia ya maji chini ya reli, nayo ilikuwa na mwenye kuizibua. Kubadilisha nomino hakukumwondoa mtenda. Kulihamisha swali kutoka ofisi moja hadi nyingine. Siku chache baadaye, tarehe 2 Mei 2024, wizara ya usalama wa ndani ikawataka wakazi wa maeneo ya karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 katika kaunti 33 wahame katika muda wa saa 24. Nilipoisoma idadi hiyo nilijiuliza: ikiwa orodha ya hatari iliweza kupatikana katika siku hizo chache, ilikuwa wapi miaka sita iliyopita, baada ya Solai?

Nirudi tena katika lugha, kwani ndilo shamba letu. Neno "wajibu" tumelipata kutoka Kiarabu, na kutokana nalo tumepata "wajibika" na "wajibisha". Tofauti ya vitenzi hivi viwili ni kubwa. Anayewajibika hujinyanyua mwenyewe. Anayewajibishwa hunyanyuliwa na wengine. Watanzania wamelizoea neno "kuwajibika" katika maana ya kiongozi kuachia cheo kwa hiari kwa sababu jambo baya limetokea chini ya dhamana yake, na mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Ali Hassan Mwinyi. Mnamo mwaka 1977, akiwa waziri wa mambo ya ndani, alijiuzulu kufuatia vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga. Hakuwa amemgusa yeyote kwa mkono wake. Aliona kwamba kiti alichokalia kilikuwa kimeguswa. Kujiuzulu huko hakukumzika kisiasa. Baadaye aliiongoza Zanzibar, kisha akawa Rais wa Tanzania kuanzia mwaka 1985.

Pale ambapo kuwajibika kunakosekana, kuwajibishwa hakuna budi kuchukua nafasi yake. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023 mabwawa mawili yaliyojengwa katika miaka ya 1970 yalivunjika juu ya mji wa Derna nchini Libya, na maelfu ya watu wakafa. Mwaka mmoja kabla ya hapo mtaalamu wa maji wa nchi hiyo alikuwa amechapisha utafiti ulioonya kwamba mabwawa hayo yalihitaji kutengenezwa. Libya wakati huo ilikuwa imegawanyika baina ya serikali mbili. Ingekuwa rahisi kila upande kuutupia mwingine lawama mpaka watu wasahau. Hata hivyo, mnamo Julai 2024 mahakama iliwahukumu maofisa 12 vifungo vya baina ya miaka 9 na 27. Siitoi Libya kuwa kielelezo cha utawala bora. Ninasema tu kwamba ikiwa nchi iliyopasuka vipande iliweza kuifikisha kesi ya bwawa kwenye hukumu katika muda wa chini ya mwaka mmoja, nchi yenye Katiba ya mwaka 2010 haina udhuru wa kushindwa.

Sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tuna nini cha kufanya katika haya? Hatuna sururu wala saruji, lakini si kweli kwamba hatuna zana. Kwanza, ripoti za usalama wa mabwawa, tathmini za mazingira na ilani za hatari huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na habari isiyoeleweka haijapatikana. Vyama kama chetu vinaweza kujitolea kuzitafsiri ripoti hizo, na kushirikiana na wenzetu wa Dholuo, Ekegusii na Kikuria ili zifike barazani. Pili, istilahi. Bado hatuna maneno yaliyotulia ya sehemu za bwawa, na kwa hiyo mwanakijiji anayeona hatari hukosa jina la kulitaja jambo aliloliona, na mtangazaji hukosa namna ya kulieleza. Hii ni kazi ya wanaleksikografia, na mtu anaweza kupona kwayo. Tatu, tuwafundishe wanafunzi wetu wanaokwenda katika vyombo vya habari kwamba baada ya "lilipasuka" lazima ije sentensi nyingine, yenye mtenda.

Ninajua kwamba kuna hatari katika ninayoyasema. Kumtafuta mtenda kunaweza kuwa kumtafuta wa kutolewa kafara, na ofisa mdogo wa mashinani akabebeshwa mzigo wa waliomnyima gari, mafuta na watumishi wa kufanyia ukaguzi. Uwajibikaji wa kweli hupanda ngazi. Huanza na aliyepaswa kufika kwenye tuta, ukamfikia aliyepaswa kumtuma, ukamfikia aliyepaswa kutenga fedha za safari hiyo, na haukomi kwa sababu umefika mlango wenye zulia. Vilevile haukomi kwa kifungo pekee, kwani mfiwa anahitaji pia fidia, na tuta linahitaji kujengwa upya.

Kwa hiyo, ombi langu kwa wenye mamlaka ni dogo na linatimizika. Kwa kila bwawa, banio na tuta, kuanzia Gogo hadi Nyatike, na kuanzia Rachuonyo hadi mabwawa yote 178 yaliyotajwa mwaka 2024, pawekwe ubao. Juu yake paandikwe kwa Kiswahili jina la ofisi inayolimiliki, cheo cha anayelikagua, tarehe ya ukaguzi wa mwisho, na namba ya simu ya kupiga mtu anapoona maji ya rangi ya udongo yakichuruzika. Ubao hauzuii mafuriko. Lakini mzee atakayeinuka barazani siku nyingine hatahitaji kuuliza tuta ni la nani, na atakayejibiwa kwamba ajali haina kinga ataweza kuunyosha mkono akaonyesha jina.